Muulize Fundi wa Vyombo: Mashua iliyozama ikiwa nangani

Barua za mwezi huu karibu zote zimelowa. Masika ikiingia, wenye vyombo huniuliza jambo moja kwa sura nyingi, kwa hiyo nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Nawajibu nikiwa Pangani, ambako vyombo vyetu vinalala mtoni: mvua inatupiga kutoka juu, na mto nao unatuletea maji ya bara pamoja na magogo yake. Haya si ya kusimuliwa.

*Fundi, shikamoo. Nina mashua ya mbao ya futi 22, niliinunua mwaka jana. Kiangazi chote haikuvuja hata tone. Juzi mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikaikuta imezama pale pale nangani, umebaki mlingoti na ncha ya omo (mbele). Tumeiopoa, tumekagua chini yote, hakuna tundu. Wenzangu wanasema kuna mkono wa mtu. Nifanyeje? Msomaji, Bagamoyo.*

Marahaba kijana wangu, na pole kwa hasara. Mkono wa mtu tuuweke kando kwanza, tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mashua ya futi 22 iliyo wazi ina mdomo wa kama mita za mraba 9. Mvua ya milimita 50 kwa siku, kiwango ambacho watu wa hali ya hewa wanakiita mvua kubwa, inakumwagia ndani lita 450. Hizo ni ndoo 22 na nusu za lita 20, uzito wa watu sita wazima waliopanda bila nauli. Kwa hizo peke yake mashua yako isingezama. Ungeikuta imelemewa, ungefua maji (kuyachota nje), ungekwenda zako kuvua.

Kilichoizamisha ni kilichofuata. Ikibeba mzigo huo mashua inadidimia, kwa ukubwa wa yako ni kama vidole vitatu hivi. Na kama injini uliiacha tezini, yaani nyuma, basi tezi ndiyo inayokwenda chini zaidi, kwani maji yote yanakimbilia huko. Sasa ziangalie mbao zinazoingia baharini. Za chini zinakaa majini mwaka mzima, zimevimba na zimebanana. Za juu hazijalowa sawasawa tangu kaskazi ianze. Desemba mpaka Machi jua linazichoma, zinasinyaa, pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, inalegea ndani ya maungio. Kiangazi huoni kitu kwa sababu bahari haifiki pale. Usiku wa mvua inafika. Inapenya kidogo kidogo, mashua inashuka kidole kingine, ubao mwingine mkavu unaingia majini, na hapo hata mvua ikikatika chombo kinaendelea kuzama chenyewe. Ndiyo maana mmekagua chini hamkuona kitu. Kagueni juu.

Ipandishe maji yakijaa, itie magadi (miti ya kuegemeza) pande zote mbili ikae wima, usubiri yapwe. Chukua kisu cha ncha butu upite nacho kwenye maungio ya mbao tatu za juu, kuanzia omo mpaka tezi, ubavu wa kulia na wa kushoto. Pamba nzima inakirudisha kisu. Pamba iliyooza inakipokea, na ukikichomoa kinatoka na nyuzi fupi nyeusi zinazokatika ukizivuta kwa kucha. Tia alama ya chaki kila mahali kilipozama. Usishangae ukikuta chaki nyingi zaidi upande ule ambao chombo kinaupa jua la mchana kikiwa nangani.

Palipo na alama chokonoa pamba ya zamani yote, usiache hata kipande, kwa maana pamba mpya juu ya mbovu ni pesa iliyotupwa. Isokote pamba mpya iwe kamba ya unene wa kalamu, ichovye mafuta (wengine wanatumia ya nazi, mimi napenda sifa, mafuta ya papa, ingawa harufu yake inafukuza wageni), kisha ishindilie kwa chembeu (patasi ya kalafati) na nyundo. Taratibu, lakini! Mbao zako sasa ni kavu, zikilowa zitavimba. Vijana wengi wanapiga kalafati kwenye mbao kavu kwa nguvu zao zote, kisha chombo kikirudi majini mbao zinavimba, zinakosa pa kwenda, na misumari inang'oka kwenye mataruma (mbavu za chombo). Shindilia mpaka pamba ikatae kidogo, uishie hapo. Kwa chini ya mstari wa maji funika kwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, kama kawaida. Juu, puti na rangi.

Kabla hujaishusha, tandaza magunia yaliyolowa maji ya bahari kwenye zile mbao za juu, uyamwagie asubuhi na jioni mpaka maungio yafunge. Wazee wa hapa walikuwa hawakosi kumwagia ubavu wa chombo maji ya chumvi kila magharibi kiangazi chote. Siku hizi kazi hiyo inaonekana ya kizembe, na mvua ya kwanza ikija watu wanatafuta mchawi.

Mwisho, nangani. Masika hii, kila ukimaliza kazi toa farumi (mawe ya kutia uzito) na nyavu, shusha injini, fua maji yote mpaka ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ionekane mbao. Chombo cha mbao kitupu kikijaa maji huwa kinaelea kwa ukingo, kilichobeba mawe na injini kinakwenda chini. Sikiliza utabiri pia. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa siku kadhaa kabla hakijafika jirani na Mafia, muda wa kupandisha vyombo ulikuwapo kwa aliyetaka. Na ukiikuta tena imejaa maji, usiipandie ubavuni, itakupindukia. Ingilia tezini, au iache: ivute mpaka kina kifupi maji yakiwa yamejaa, ngoja yapwe, uchomoe nguruzi (kizibo cha tundu la chini) ijitapishe yenyewe.

*Fundi, hujambo? Mume wangu amefariki, ameniachia mashua ya abiria ndogo. Sijui lolote la vyombo. Kijana anayeiangalia ananiambia inavuja, na kila mwezi anataka pesa ya kalafati. Nimenunua turubai niifunike wakati wa mvua, naye anasema turubai inaozesha mbao. Nimwamini? Mama wa watoto wanne, Tanga.*

Sijambo dada yangu. Mungu amrehemu marehemu na akutie nguvu wewe na wanao.

Kijana simjui, siwezi kumhukumu kwa barua. Ila kalafati ya kila mwezi hakuna. Chombo kilichokalafatiwa vizuri kinakwenda msimu mzima na zaidi, na kinachodai zaidi ya hapo kina ugonjwa mwingine: ubao umeoza, msumari umelika, au kimebanwa kwenye gati mpaka mataruma yamelegea. Kukipa pamba kila mwezi hakukitibu.

Hili la kuvuja unaweza kulipima wewe mwenyewe bila kumtegemea mtu. Nenda asubuhi baada ya usiku wa mvua. Kabla hayajafuliwa, chovya kidole kwenye maji ya ngama uguse ncha ya ulimi (kama yana utando wa mafuta ya injini, acha). Yakiwa ya chumvi kali, bahari inaingia, kijana anasema kweli. Yakiwa baridi, yaani hayana chumvi, ni mvua tu, na dawa yake ni ndoo na turubai. Yakiwa katikati yapo yote mawili. Kisha rudi siku isiyo na mvua, hakikisha mashua imefuliwa ikakauka, tia kijiti chenye alama kwenye ngama, ukirudi kesho yake saa ileile utajua bahari peke yake inaingiza kiasi gani. Chombo cha mbao kutoa jasho kidogo ni kawaida. Maji yakikujia juu ya kifundo cha mguu kwa usiku mmoja, tafuta fundi mwingine akitazame chombo, na umlipe kwa kutazama tu, si kwa kutengeneza. Anayelipwa kwa kutengeneza hakosi cha kutengeneza.

Sasa turubai. Kijana ana hoja, nusu. Turubai iliyolazwa juu ya mashua na kufungwa gubigubi inafungia joto na unyevu ndani, na maji ya mvua yaliyotulia mahali pasipo na hewa ndiyo yanayoozesha mbao. Maji ya chumvi yanaihifadhi mbao, maji baridi yanaiozesha. Watu wengi wanadhani ni kinyume. Lakini dawa si kuiacha wazi. Weka foromali (mti wa kubebea tanga), au mwanzi mrefu, kutoka kwenye mlingoti mpaka tezini iwe kipaa. Juu yake tandaza turubai ianguke pande zote mbili nje ya ukingo, isiishie ndani. Omoni na tezini acha wazi upepo upite. Kamba zipite chini ya chombo kutoka ubavu huu hadi huu, usizifunge kwenye ukingo tu, na uzikaze zikalie. Turubai ikilegea inafanya bwawa katikati: eneo la mita moja kwa mita moja lenye maji ya kina cha sentimita 10 ni kilo 100, nayo yakipasua yanaingia yote kwa mkupuo. Upepo mkali ukitangazwa ivue, la sivyo umetweka tanga usiku bila nahodha.

Jambo moja zaidi, ulizie kamba. Mashua za abiria nyingi zinafungwa gatini, na siku za bamvua, maji makuu, pwani yetu maji yanapanda na kushuka kwa karibu mita 4. Kamba fupi iliyofungwa maji yamejaa inakiacha chombo kikining'inia yakipwa, na kamba ikifungwa yamepwa, chombo kinazuiwa kisipande, bahari inaingia kwa ukingo. Nimeona vyombo vizima kabisa vikizamishwa hivyo, mvua ikasingiziwa.

*Assalaam aleikum fundi. Nina boti ya faiba, nachukulia watalii. Ina pampu ya umeme inayojiwasha maji yakiingia. Mvua ya siku mbili, nimekuta betri imekufa na maji yamefika kwenye viti. Pampu mpya kabisa. Nimeuziwa mbovu? Nungwi.*

Waaleikum salaam. Pampu huenda ni nzima. Pampu ndogo ya volti 12 inakula kama ampia 2 mpaka 4. Betri ya ampia-saa 70 kwa pampu ya ampia 3 ni saa 23 kwa hesabu ya karatasi, lakini betri iliyotumika haitoi zaidi ya nusu ya hiyo bila kuchoka, na redio na taa vyote vinaning'inia pale pale. Mvua ya siku mbili inaishinda.

Ila mimi nisingeanza na betri. Tazama bomba la pampu linatokea wapi nje. Kama mdomo wake uko karibu na mstari wa maji, boti ikilemewa na mvua mdomo unazama, pampu inazima, na bahari inarudi ndani kwa bomba lile lile. Swichi inainuka, pampu inawaka, inayatoa, inazima, yanarudi. Betri inakufa kwa kuchota bahari na kuirudishia. Bomba lipandishwe ndani lifanye kitanzi juu kabisa chini ya ukingo, kisha litoke nje mahali pa juu. Vilevile yale matundu ya sakafu yanayotoa maji yenyewe: boti ikiwa nzito yanageuka milango. Yatafutie vizibo vya kuweka ukiwa umeiacha nangani na mzigo.

Baada ya hapo, paneli ndogo ya jua ya wati 20 kwa ajili ya betri ya pampu tu, isiyounganishwa na redio. Fungua chujio kila jumamosi. Uzi wa kamba ya nailoni au jani moja la mkungu linatosha kuiziba. Zungushia silikoni ya baharini kila mahali waya na skrubu zinapopita kwenye deki, huko ndiko mvua inakopenya kwenye faiba, mwili wenyewe mara chache. Na uwe na mtu anayekwenda kuitazama. Pampu ni msaidizi, haijaajiriwa ulinzi.

*Oya fundi, mambo! Sisi huku Mwanza tuna mitumbwi ya dagaa ya mbao. Tunaziba kwa pamba na juu tunapigilia mabati membamba. Masika bado maji yanaingia. Wengine wanasema tupake lami yote tumalize. Unasemaje? Kirumba.*

Poa. Ninyi wa ziwani mna shida mbili ambazo sisi wa pwani hatuna. Kwanza, hamuwezi kuonja maji mkajua yametoka wapi, yote ni baridi. Pili, mbao zenu hazipati chumvi kabisa, kwa hiyo zinaoza upesi kuliko zetu.

Bati lenyewe si kosa, linalinda pamba isitoke. Shida ni kinachojificha nyuma yake. Maji ya mvua yanateremka ndani ya mtumbwi, yanaingia kati ya bati na ubao, na hayatoki. Msumari unapata kutu, tundu lake linapanuka, na ule msumari mliopigilia kuziba ndio unaovuja. Toeni bati moja moja, si yote kwa pamoja. Mkikuta ubao umebadilika rangi, ubonyezeni kwa kidole gumba. Ukibonyea, kateni kipande muweke kingine. Ukikataa, ukausheni, pamba mpya, bati jipya na misumari yenye zinki, na safari hii pakeni rangi nzito nyuma ya bati kabla hamjaligongomea.

Kutafuta panapovuja, fueni mtumbwi ukauke ndani, kisha pitisheni majivu makavu ya jikoni kwenye maungio yote mkiwa majini. Majivu yanaanza kuwa meusi pale maji yanapoingia, kabla jicho halijaona tone. Panapobaki peupe wacheni.

Lami sipendi. Haivuji, nakubali, ila ikishapakwa rangi haikamati tena juu yake, na mbao inaoza chini yake bila mtu kujua mpaka siku mguu unapozama. Mtu anayetaka kuuza mtumbwi ndiye anayepaka lami.

Na angalieni mnapofunga. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka miti iliyokuwa nchi kavu ikasimama majini, na mitumbwi iliyofungwa kwa kamba fupi kwenye vigingi vya zamani iliteseka. Mvua za usiku za huko zinakuja na upepo wa ghafla, kwa hiyo kama mnaweza kuuvuta mtumbwi nje, uvuteni, muulaze ubavu kidogo uelekee kwenye tundu la nguruzi, na nguruzi itoke. Mkiuacha umekaa wima umejaa maji ufukweni mtafuga mbu. Wiki na siku chache zinawatosha kutoka yai mpaka kuruka. Watoto wa jirani wakianza kuugua msisingizie ziwa.

*Fundi, kuna mzee anatia chumvi kwenye ngama ya jahazi lake kila masika. Ni dawa au ni kisomo? Kilwa Masoko.*

Ni dawa. Maji ya mvua yakikaa kwenye ngama ya chombo kikubwa, huwezi kuyafua yote, yanabaki kwenye vipembe karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) ambako ndoo haifiki. Chumvi inayageuza kuwa kama ya bahari na kuvu wa kuozesha mbao hawapendi. Atumie chumvi ya mawe, amimine baada ya kufua, kwenye vile vipembe, si katikati. Asiyekuwa na chumvi achote maji ya bahari ndoo chache, ayamwage omoni yateremke mpaka tezi yakiosha mvua, kisha ayafue. Kama chombo kina misumari ya chuma tupu, chumvi itaila haraka zaidi, basi aitazame vichwa vyake kila mwaka akikipandisha. Vilivyovimba na kutoa machozi ya kutu avigonge kwa nyundo ndogo: kinachocheza kimefika mwisho, atoe atie kingine.